Swali la Mwisho la Hakimu Vroman

Fomu ya gazeti ilikuwa na maswali manne. Matatu nilimjazia mwenyewe: jina, umri, mahali anapoishi. La nne lilisema: Eleza sifa na uzoefu unaokufanya ustahili kuwa hakimu wa mji wa Kettleby, kwa maneno yasiyozidi mia na hamsini. Hapo nikaacha wazi. Nikaiweka fomu mezani kwake Jumanne asubuhi, na Alhamisi jioni nafasi ile ilikuwa bado nyeupe kama theluji ya Januari.

Naitwa Doreen Lasher, karani wa mahakama hii tangu mwaka 2004. Watu wa hapa watakwambia nina mdomo. Ninao, na siku ile niliutumia.

"Arlene, gazeti linafunga kesho saa sita mchana. Unataka waandike nini, kwamba hakimu wetu amepotea?"

"Nafikiri."

"Unafikiri nini? Mwenzio kajaza yake siku ile ile, na karatasi za ziada kabandika nyuma!"

Mwenzio ndiye Preston Haight, wakili, aliyehamia kutoka Albany, mji mkuu wa jimbo letu, miaka minne iliyopita na kununua nyumba nyeupe karibu na kanisa la Methodisti. Mtu safi, sikatai. Viatu vyake havijui tope. Alikuwa na shahada mbili, miaka kumi na minane ya kusimama mbele ya mahakama kubwa, na vibao vya kampeni kwenye nyasi za nusu ya mji: HAIGHT, MWENYE SIFA. Kila nilipopita na gari mbele ya kibao kimoja nilitamani kuking'oa, na kimoja nilikigonga kwa bahati mbaya wakati narudi nyuma. Bahati mbaya kabisa.

Arlene Vroman hakuwa wakili. Huku kwetu sheria haidai hakimu wa mji awe wakili. Inadai awe mkazi, achaguliwe, na ahudhurie mafunzo ya serikali kila mwaka. Yeye alikuwa amechaguliwa mara sita, na sasa, akiwa na miaka sabini na minne, alikuwa anaomba mara ya saba. Kabla ya hapo aliendesha lori la maziwa kwa miaka kumi na tisa.

Mimi nilikuwa nimemwandalia majibu. Nikamsomea kwa sauti, maana niliyaonea fahari. Niliandika kuwa mchukuaji wa maziwa si dereva tu. Kila siku ya pili anaingia kwenye chumba cha maziwa cha jirani yake, anafungua kifuniko cha tangi, anainama, ananusa. Kama maziwa yananuka kitunguu pori, au yameanza kuchacha, anafunga kifuniko na kuyakataa. Jirani amesimama hapo hapo, ameamka saa kumi usiku kuyakamua, na keshokutwa mtakaa benchi moja kanisani. Kama ni mazuri, anachota kidogo, anatia kwenye kichupa, anaandika jina la mkulima, ndipo anayavuta yaingie lorini. Kiwandani wakikuta kasoro kwenye lori zima, wanarudi kwenye vichupa kujua ni maziwa ya nani. Niliuliza mwishoni: ni chuo gani cha sheria kinachofundisha hayo?

"Umeandika vizuri," alisema Arlene. "Futa."

"Nifute nini?"

"Yote. Umenipamba mno, Doreen. Najiona kama keki ya harusi."

Nikatupa kalamu. Nilimwambia kwamba akishindwa asije kunililia. Yeye akacheka, akaikunja fomu, akaitia kwenye mkoba wake.

"Nitaijaza mwenyewe nyumbani. Nitaipeleka mwenyewe."

Sasa lazima niseme kuhusu swali lake, maana bila hilo humjui Arlene Vroman. Kila kesi, iwe ya mbwa asiye na leseni, iwe ya mtu aliyempiga mkewe, alisikiliza pande zote mpaka mwisho. Halafu, kabla ya kutoa hukumu, aliweka kalamu chini, akavua miwani, akamtazama mshtakiwa na kuuliza: "Kuna kitu gani sijakuuliza?"

Kisha alingoja. Si kungoja kwa adabu, kwamba umehesabu tatu ukaendelea. Alingoja mpaka viti vikaanza kulia chini ya watu. Wengi walisema, "Hakuna, Mheshimiwa." Lakini niliona mambo humo. Mzee mmoja ambaye mbwa wake alimuuma tarishi wa posta alikaa kimya karibu dakika mbili, kisha akasema, "Hujaniuliza kwa nini sikumfunga. Mkono huu haufungi tena fundo, na sikutaka mke wangu ajue." Wakili wake mwenyewe hakuwa analijua hilo.

Mji mzima ulilijua swali. Kwenye mgahawa wa Tammy, mhudumu akishaandika mayai yako na mkate wako, anavua miwani asiyonayo na kusema, "Kuna kitu gani sijakuuliza?" Wake waliwauliza waume zao Jumamosi wakichelewa kurudi. Mimi nilidhani amelitoa kwenye yale mafunzo ya serikali, nikawa nasema moyoni, angalau siku moja kodi yetu imefanya kazi.

Na kuna kitu kingine nilichokiona miaka yote bila kukiona. Kwenye kitabu chake kikubwa cha sheria aliweka alama ya ukurasa: utepe mwekundu wa plastiki, ule unaofungwa mguuni mwa ng'ombe aliyechomwa sindano ya dawa, ili mkamuaji asichanganye maziwa yake na mengine. Nilidhani ni kumbukumbu ya lori.

Jumatano gazeti likatoka. Nilikuwa kwa Tammy, kahawa mkononi. Maneno ya Haight yalijaa safu nzima, na picha. Chini yake, ya Arlene Vroman:

"Niliendesha lori la maziwa miaka kumi na tisa. Nimekuwa hakimu miaka ishirini na minne. Niliwahi kumfunga mtu asiye na hatia. Jumapili nitaeleza, kwenye ukumbi wa zimamoto, kwa atakayetaka kusikia."

Kahawa ilinipalia. Tammy akaja kunipiga mgongoni, akasoma juu ya bega langu, akasema, "Mama yangu!" na mgahawa wote ukageuka kututazama. Niliacha hata mayai. Dakika kumi baadaye nilikuwa jikoni kwa Arlene, sijavua hata koti.

"Umerogwa?"

"Kaa chini, Doreen."

"Sikai! Siku kumi na tatu kabla ya kura! Hata Haight mwenyewe asingethubutu kukuandika hivyo, angeogopa umshtaki! Nani alikuuliza?"

"Gazeti."

"Gazeti liliuliza sifa na uzoefu!"

"Basi," alisema, akanimiminia chai. "Huo ndio uzoefu wangu. Mwingine wote umetokana na huo."

Nilitaka ashinde kuliko nilivyotaka chochote mwaka ule. Mume wangu alikuwa amefariki majira ya kuchipua, na Jumanne za mahakama ndizo zilizonifanya niamke na kuchana nywele. Nilimwambia hivyo, nikalia, nikaona aibu. Akanishika mkono.

"Ukishinda ndipo useme," nilimwomba. "Jumatano baada ya kura. Nitakuitia watu mwenyewe."

"Nikishasema baada ya kura, nitakuwa nimewauzia maziwa bila kufungua kifuniko."

Nikavua koti, nikakaa, nikainywa ile chai.

Jumapili baada ya ibada waliyatoa magari ya zimamoto nje, wakapanga meza ndefu ndani. Chakula kilikuwa kuku wa mchuzi mzito juu ya mikate laini, viazi vya kuponda, na pai za maboga zisizo na idadi. Kwa kawaida mkutano wa wagombea huleta watu arobaini, na nusu yao wamefuata pai. Siku ile walijaa mpaka wakasimama ukutani, chini ya makoti ya zimamoto yaliyoning'inia.

Karibu na mlango nilimwona Wendell Teeter. Wendell alikuwa na miaka kama arobaini na sita, akiishi peke yake juu ya kilima cha Turkey, akinoa misumeno ya moto na kutengeneza mashine za kukatia nyasi. Ukimpelekea mashine atakutengenezea vizuri, na huenda usisikie maneno kumi. Miaka mingi hakuwa amekanyaga jumba la mji. Kodi yake ililetwa na tarishi. Kwenye kura hakuonekana, maana kura hupigwa chumba kile kile kinachokuwa mahakama Jumanne.

Haight alianza. Alizungumza vizuri, ningekuwa mwongo kusema vinginevyo. Alisema mtu hampi fundi bomba meno yake ayang'oe, watu wakacheka. Alisema sheria siku hizi ni pana, na kosa moja la hakimu laweza kumharibia mtu maisha. Aliposema hivyo hakumtazama Arlene, na nikamhesabia hilo kama ustaarabu.

Arlene akasimama. Hakuwa na karatasi. Alikuwa na leso ya mezani mkononi, na ule utepe mwekundu.

"Bwana Haight amesema kweli," alianza. "Kosa moja. Nitawaambia langu, na sitataja jina la mtu, kwa sababu hukumu ile ilifutwa na faili likafungwa.

"Novemba mwaka 2001 lori la maziwa lilifika kiwandani, wakapima, wakakuta dawa. Maziwa ya wakulima saba yalimwagwa shimoni. Walipopima vichupa, yalikuwa yametoka kwa Ike Borst. Marehemu sasa. Ike alikuja kwangu akasema kijana wake wa kukamua amemkamua kwa makusudi ng'ombe aliyechomwa sindano, kwa kuwa walikuwa wamegombana. Kijana alisema kitu kimoja tu: ng'ombe hakuwa na utepe mguuni.

"Sikumwamini. Na sababu ndiyo nataka muisikie. Sikumwamini kwa sababu nilikuwa nayajua maziwa. Miaka kumi na tisa nimeingia kwenye mabanda ya bonde hili. Nilijua hakuna mkulima hapa anayechoma ng'ombe sindano akamwacha bila utepe. Nilijua, ndugu zangu. Mtu wa mjini asiyejua ng'ombe angeuliza. Mimi sikuuliza, nilijua. Nikampa siku kumi na tano jela. Siku ya tisa mama yake akafa. Walimleta yule kijana makaburini na pingu mikononi. Wengi wenu mlikuwepo."

Hakuna aliyekula. Mtoto mmoja alidondosha uma, mama yake akamshika mkono asiinamie kuuokota.

"Mwaka 2007 Ike alipokufa palikuwa na mnada shambani kwake. Niliingia chumba cha maziwa. Mnajua kalenda za kampuni ya chakula cha mifugo, Ike hakuzitupa, alitundika mpya juu ya kuukuu kwenye msumari ule ule. Enzi za lori nilikuwa nikining'iniza koti langu msumari wa jirani yake. Nikafunua mpaka Novemba 2001. Tarehe tano, kwa mwandiko wa Ike, namba ya ng'ombe yule: arobaini na moja, sindano. Na chini yake: tepe zimekwisha, agiza."

Aliuinua utepe mwekundu, akaushusha.

"Kalenda ilikuwa hatua tano kutoka kwenye tangi. Ningeweza kuuliza swali moja tu. Nilimwandikia mwendesha mashtaka wa kaunti, hukumu ikafutwa. Nilikwenda nyumbani kwa yule mtu kumwomba msamaha, akafunga mlango, na alikuwa na haki ya kuufunga. Tangu hapo simhukumu mtu kabla sijamuuliza kitu gani sijamuuliza. Mnanitania kwa hilo, na mimi nacheka. Hizo ndizo sifa zangu. Sina nyingine."

Akakaa. Miaka kumi na tisa nimekaa mita mbili kutoka kwake, kumi na sita ya mwisho nikiliandika swali lile kwenye kumbukumbu kila Jumanne, na sikujua limetoka kaburini.

Haight alisimama taratibu. Ndiyo kazi yake, na mtu hawezi kuiacha kazi yake mlangoni kama mwavuli.

"Bi. Vroman, kwa heshima zote. Unawaambia wapiga kura kwamba ulimfunga mtu asiye na hatia kwa kujiamini kupita kiasi, na unaomba wakupe tena miaka minne?"

"Nawaambia la kwanza," alisema Arlene. "La pili ni lao."

"Mimi ndiye."

Sauti ilitoka mlangoni. Ilikuwa nzito, ya mtu asiyeitumia mara kwa mara.

"Mimi ndiye," alirudia Wendell Teeter. "Mnajua wote ni mimi. Acheni kutazama mikate."

Watu wakageuka. Alikuwa amevua kofia, anaizungusha mikononi. Akamtazama Arlene, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza tangu alipomfungia ule mlango.

"Nimesikia kwamba unawauliza wote. Miaka kumi na sita. Mlevi, mwizi wa kuku, wote. Hata wanaoleta misumeno kwangu wananiambia, Wendell, aliniuliza. Mimi peke yangu hukuniuliza."

Nilimwona Arlene akitafuta kalamu ya kuweka chini. Hakuwa nayo. Akaweka leso. Akavua miwani. Akasimama, na magoti yake mabovu yakasikika.

"Bwana Teeter," alisema. "Kuna kitu gani sijakuuliza?"

Kisha akangoja.

Nimeshangoja naye mara elfu. Sikuwahi kungoja vile. Friji la aiskrimu lilinguruma kwenye kona, likazima. Watu mia mbili na kidogo, na hakuna aliyekohoa. Wendell alizungusha kofia mara nyingi sana, na hakuna aliyemharakisha.

"Hukuniuliza nilimwambia nani," alisema hatimaye.

"Ulimwambia nani?"

"Nilimwambia Ike. Nilipomaliza kukamua nikaona alama ya sindano shingoni kwa arobaini na moja, nikajua nimeshachanganya. Nikaenda kumgongea. Lori lilikuwa bado halijafika, ilibaki saa nzima. Nikamwambia, Ike, tuyamwage. Akasema tangi ni kubwa, dawa itapotelea humo. Akaniambia nikanywe kahawa."

Minong'ono ikapita ukumbini, ikafa. Haight alikuwa bado amesimama. Aliuliza kwa sauti ya chini, si ya wakili, ya mtu tu:

"Kwa nini hukusema mahakamani?"

Wendell akamtazama kama mtu anayemwona mgeni kwa mara ya kwanza.

"Nyumba tuliyokaa ilikuwa ya Ike. Nyumba ya mfanyakazi, unaacha kazi unaacha nyumba. Mama alikuwa kitandani, mapafu. Ningemtaja Ike, angetutoa kabla ya sikukuu ya Shukrani. Ike aliniambia hivyo nje ya mlango wa mahakama. Nikinyamaza, mama anabaki ndani. Nikasema siku kumi na tano si nyingi, nitarudi nimkute." Kofia ikasimama. "Sikumkuta. Lakini alifia ndani ya nyumba, kwenye joto."

Sijui nikuelezeje. Nilikuwa nimekuja ukumbini na hasira za kutosha kuwasha jiko, na zote ziliniishia pale. Niliwatazama wale wawili, mmoja mwenye miwani mkononi na mwingine mwenye kofia, nikaona nimeishi miaka yangu yote jirani na watu nisiowajua ukubwa wao. Yule niliyemwona fundi wa misumeno alikuwa amebeba siku zile kumi na tano mgongoni ili mwanamke mgonjwa asihame kitanda, na hakumwambia hata mtu mmoja kwa miaka ishirini na miwili, kwa kuwa hakuna aliyemuuliza. Nilihisi udogo wangu, na haukuniuma.

Arlene hakuomba msamaha tena. Alisema, "Asante kwa kunijibu, Bwana Teeter."

Wendell akavaa kofia.

"Usiache kuuliza," alisema.

Aligeuka kuondoka. Mama Kilmer, ambaye ana miaka tisini na hukaa karibu na mlango kwa ajili ya hewa, akamshika mkono wa koti, akamwekea pai nzima ya maboga mikononi, na sahani yake. Akaipokea. Tukasikia gari lake likiwaka, halafu likishuka barabarani, mpaka likaisha.

Haight alikuwa na dakika tano zaidi kwenye ratiba. Alisema hana la kuongeza, akakaa.

Siku ya kura ilinyesha mvua baridi. Mimi si msimamizi, lakini dirisha la ofisi yangu linatazama ngazi, na siku ile sikufanya kazi yoyote ya maana. Saa tisa alasiri gari la Wendell likaegeshwa. Alikaa ndani robo saa nzima. Kisha akashuka, akapanda ngazi, akasimama kwenye kizingiti cha kile chumba, akakitazama toka ukuta hadi ukuta. Akaingia.

Alipotoka nilikuwa tayari nje, sina mwavuli.

"Wendell, umempigia?"

Akanitazama. Naapa macho yake yalicheka.

"Hilo sasa, Doreen, ndilo swali ambalo sheria inakukataza kuniuliza."

Arlene alishindwa kwa kura kumi na nne. Mia mbili na themanini na tatu kwa mia mbili na sitini na tisa. Nilivunja kikombe, nikasema maneno ambayo Mchungaji aliyasikia. Nilikuwa nawajua watu kumi na tano wa mji huu ambao wangemchagua kama asingesema kitu, na mpaka leo naweza kuwataja kwa majina. Arlene alinipigia simu kunifariji mimi, hebu fikiria. Alisema wameonja, wameamua, na kwamba yeye mwenyewe amekataa maziwa ya watu wema kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Nikamuuliza kama anajuta. Akasema analala usiku, jambo ambalo hakuwa ameliweza Novemba kwa miaka mingi.

Katikati ya Desemba alikuja kuchukua vitu vyake. Alibeba kikombe chake na mto wa kiti. Kitabu cha sheria ni mali ya mji, akakiacha, na utepe mwekundu akauacha ndani yake.

Siku tatu baadaye Haight alitokea dirishani kwangu, theluji mabegani. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia mpaka nistaafu. Alikuwa na funguo mpya mkononi na alionekana hajui aziweke wapi.

"Bi. Lasher, naweza kukuuliza kitu?"

"Uliza. Ndiyo kazi ya dirisha."

"Akishauliza lile swali lake." Alikohoa. "Alikuwa anangoja muda gani?"

Nilikuwa na majibu matatu makali, nimeyatayarisha tangu usiku wa kura. Nikayameza yote matatu.

"Mpaka waseme," nilimwambia. "Au mpaka ajue hawana."

Akaitikia kwa kichwa, akaandika kwenye kijikaratasi, kama mtu anayeandika dawa ya mtoto.

Jumanne ya kwanza ya Januari mahakama ilikuwa na kesi tisa. Ya kwanza ilikuwa ya mama mmoja kutoka barabara ya machimbo, aliyekamatwa akiendesha gari huku leseni yake imesimamishwa, mara ya pili. Ushahidi ulikuwa wazi. Polisi alisema yake, mama akakubali kila kitu bila kuinua macho. Nilikuwa nimeshaanza kuandika hukumu, maana niliijua.

Haight akafungua kitabu kikubwa penye utepe mwekundu, akakisoma, akakifunga. Akavua miwani yake ya bei ghali.

"Mama," alisema, na sauti yake haikuwa imezoea. "Kuna kitu gani sijakuuliza?"

Mama akainua macho. Viti vikaanza kulia chini ya watu. Polisi akatazama saa. Mimi nikaacha kuandika, na Preston Haight akaweka kalamu chini, akangoja.